Kaisari, Karoli na Mimi Trendafil

Gorna Lesichina,
Mtaa wa chini, nyumba yenye lango la kijani lililopinda,
Alhamisi, wiki ya jibini, ya mwisho kabla ya mfungo.

Kwa Mheshimiwa Meya Zlatina Kehayova,
Ofisi ya Kijiji, juu ya posta.

YAH: KUVULIWA UFALME BILA KOSA, NA OMBI KWAMBA CHEO CHA TSAR KUANZIA SASA KIITWE TRENDAFIL

Mheshimiwa Meya, na pia mwanangu wa ubatizo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mafua yamekwisha. Sisi huku hatujambo, isipokuwa nyonga yangu ya kushoto, na mke wangu Kerana, ambaye ni mzima kupita kiasi.

Nakuandikia kama raia tu. Sikuandikii kama mtu aliyekushika mikononi kanisani siku ya ubatizo wako, ukamlowesha suti mpya mbele ya padri. Hilo nilishasamehe na silitaji.

Jana nilikwenda kwa Gancho kunywa kidogo kwa ajili ya nyonga. Kabla sijavua kofia, Gancho akaniambia mbele ya baa nzima, "Pole, Mzee Trendafil. Umepinduliwa." Nikamwuliza nimepinduliwa na nani. Akafuta glasi kwanza, maana anapenda mtu ateseke, kisha akasema, "Na miguu ya nyuma ya ngamia." Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na mbegu za alizeti, ikabidi apigwe mgongoni. Sikuinuka kumpiga, ingawa ningependa.

Kwa kuwa mafaili ya ofisi yako husomwa na watu wa wilayani ambao hawajui lolote, naomba nieleze. Kila mwaka, Jumatatu inayofungua mfungo mkuu, wanaume wa kijiji chetu huvaa ngozi za mbuzi na kengele kubwa viunoni, wakatembea nyumba kwa nyumba wakifukuza majira ya baridi. Mmoja wao huwa tsar, yaani mfalme wa siku hiyo. Huyo hakokotwi na ng'ombe, hukokotwa na watu, juu ya mkokoteni, mpaka uwanjani. Hulishwa vizuri. Hulima mistari mitatu kwa plau ya mbao, hupanda ngano, hutoa baraka ndefu, kisha hurusha chekecheke lililobeba mbegu. Likianguka mdomo juu, mwaka utakuwa wa neema. Likianguka mdomo chini, watu hutazama viatu vyao. Baada ya hapo tsar husukumwa kutoka mkokotenini, hufa kidogo, halafu hufufuka na kwenda kunywa supu.

Tsar huyo ni mimi. Nimekuwa mimi tangu wewe ukiwa na meno ya utoto. Nimekufa na kufufuka katika uwanja ule mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Padri Onufri ameniomba nisiwe nikilisema jambo hilo kwa maneno hayo, ndiyo maana nimeliandika.

Sasa mmebandika karatasi kwenye mlango wa posta kwamba Jumatatu hii tsar atakuwa Vidol. Vidol ni mume wa binti yangu Neda. Yaani kiti kimetoka kwangu, kimevuka meza yangu mwenyewe, kikaenda upande wa pili palipo na sahani ya mkwe wangu, na mimi nikiwa hapo hapo natafuna. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu mvua ya mawe. Inasemekana katika kikao chenu ilitamkwa kwamba mwaka jana nilibariki alizeti, na katikati ya kiangazi mvua ya mawe ikazilaza zote, kwa hiyo baraka zangu zimechacha. Mheshimiwa, mimi nilibariki ardhi. Sikubariki mawingu. Mawingu yale yalitoka upande wa Uturuki na huko sina mamlaka. Isitoshe, chekecheke langu lilianguka mdomo juu, kama linavyotakiwa, watu wote waliliona, na wewe ulipiga makofi ukiwa na glavu nyekundu. Ndipo ngamia akaja akalikanyaga, likageuka mdomo chini.

Ngamia wetu, kwa taarifa ya wilaya, ni zulia la manyoya ya mbuzi alilofuma babu yangu, na ndani yake kuna watu wawili. Gancho yuko mbele, Vidol yuko nyuma. Gancho anaona njia kupitia tundu la shingo. Vidol haoni kitu duniani ila suruali ya Gancho. Sasa nauliza kwa upole: chekecheke lilikanyagwa na miguu ya mbele au ya nyuma? Ya nyuma. Kwa hiyo aliyetuletea mvua ya mawe ndiye mliyempa ufalme ili atukinge na mvua ya mawe. Nimelipima jambo hili nikiwa nimekunywa na nikiwa sijanywa, na halikai sawa katika hali yoyote.

2. Kuhusu mapacha. Nimeambiwa Vidol amechaguliwa kwa sababu amepata mapacha majira haya ya baridi, na tsar lazima awe mtu ambaye nyumba yake inazaa. Mila ni mila, siipingi. Ila naomba uchunguzi ufanyike kuhusu nani hasa alizaa. Nilikuwepo hospitalini. Aliyekuwa kitandani ni Neda, binti yangu. Vidol alikuwa kwenye korido anakula mkate wa soseji. Rutuba hiyo imetoka kwangu, ikapitia kwa Neda, na Vidol ameiokota njiani kama mtu anavyookota kofia. Na ukitaka ushahidi, watazame watoto wenyewe. Wana masikio yangu, wote wawili, mpaka nesi aliyewafunga nepi akaniangalia mimi akawaangalia wao, akasema, "Mungu ana subira."

3. Kuhusu umri wangu na nyonga. Mmesema mistari yangu ya plau mwaka jana ilipinda. Ilipinda. Lakini tazama lango langu. Tazama mnara wa kanisa. Tazama barabara uliyotuwekea wewe mwenyewe karibu na uchaguzi. Ni kitu gani katika kijiji hiki kilichonyooka, mpaka mimi peke yangu nidaiwe kunyooka?

4. Kuhusu Vidol mwenyewe. Vidol si mtu mbaya. Naliandika hilo kwa sababu Kerana yuko jikoni, na huwa anajua ninachoandika kwa jinsi kalamu inavyokwaruza. Ana matrekta, hapigi mtu, na huwa analeta kuni bila kuombwa. Lakini nilimwuliza jana, "Haya, mtukufu, ukifika uwanjani utabariki vipi?" Akajikuna. Akasema, "Nitasema mazao yawe mengi, baba."

Mazao yawe mengi. Mheshimiwa, hivyo ndivyo anavyosema ofisa kilimo. Mimi huanza na masuke, nikataka yawe marefu kama deni la Gancho kwa kiwanda cha bia. Nikaja kwenye maboga, nikataka mtu akihitaji kulihamisha boga aite ndugu wa mke. Watu hujibu amina, hucheka, hujibu amina tena, na ardhi inasikia kwamba kuna watu juu yake. Wewe ungekuwa ngano, ungeota kwa ajili ya "mazao yawe mengi"? Ungelala tena.

5. Sasa nafika kwenye kiini, na hapa naomba uvae miwani. Mwezi uliopita Mwalimu Evlampia, mkutubi wetu, alitoa mhadhara kuhusu asili ya vyeo vya wafalme katika lugha za Waslavi. Nilihudhuria kwa sababu jiko la maktaba huwashwa kwa kuni za ofisi yako. Mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililikalia nusu, kwa sababu ya mbuzi. Lakini siku ile sikusinzia sana, na niliyoyasikia yalinifanya nikae wima.

Kumbe hili neno letu "tsar" halikuwa cheo hata kidogo. Lilikuwa jina la mtu. Kulikuwa na Mrumi mmoja wa ukoo wa Kaisari. Jina lenyewe, kuna wanaosema, lilimaanisha mwenye nywele nyingi, na yeye alikuwa na upara. Wala hakuwa mfalme. Wenzake walimchoma visu kwa kuogopa asije akawa. Baada ya kufa kwake kila mkubwa wa Roma akataka kuitwa Kaisari, jina likavuka mpaka kwa watawala wa Tsarigrad, yaani mji wa tsar, huko Uturuki, ambao bibi vizee wetu wanauita hivyo mpaka leo wanapokwenda kununua mapazia ya Kituruki. Kutoka huko likaingia kwetu. Mwanzoni babu zetu walisema "tsesar". Lakini unajua jinsi watu wa hapa wanavyokula mbegu za alizeti: wanatafuna, wanatema maganda, wanaendelea kuongea. Basi na neno walilifanya hivyo hivyo. Wakatema katikati, likabaki "tsar". Waserbia wakalichukua, Warusi wakalichukua, kila mmoja akajiona ndiye Mrumi wa mwisho.

Wafalme wa magharibi je? Hao hatukuwaita tsar, tuliwaita "kral", na mpaka leo mtu wa London mwenye taji kwetu ni kral. Neno hilo nalo ni jina la mtu. Alikuwepo Mfaranka mmoja mrefu aitwaye Karoli, aliyewatisha Waslavi wa upande ule mpaka kila aliyekuja baada yake akavishwa jina lake. Wacheki wakasema "kral" wakilivuta, Wapolandi wakasema "krul", Warusi wakaliongezea vokali kwa sababu wao wana nafasi kubwa, wakasema "korol". Na jina Karoli, alisema Mwalimu, kwa lugha ya kwao lilimaanisha tu "mwanamume". Yaani nusu ya Ulaya imempigia magoti mtu aitwaye Mwanamume.

Kuna la tatu, "knyaz", la mtawala mdogo kuliko tsar, ambalo nalo tulilikopa kwa Wajerumani zamani za zamani. Hilo Wapolandi na Wacheki walilitumia mpaka likachoka, likageuka likawa neno la padri. Padri Onufri aliposikia hivyo alinyoosha mgongo. "Basi mimi nikivuka mpaka ni mtu mkubwa," akasema. Nikamjibu, "Vuka, baba, tutakuandikia."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, katika historia yote wakubwa wetu wamevaa majina ya wageni, kama watoto wa mwisho wanaovaa nguo za binamu. Mwalimu alipoomba maswali niliinua mkono. Nikauliza, "Huyo Kaisari alishawahi kufika Gorna Lesichina?" Akasema, "Hapana, Mzee Trendafil." "Na Karoli?" "Naye hakufika." "Na mimi je?" Akanitazama juu ya miwani. "Wewe huondoki," akasema.

Watu walicheka, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa.

6. Kama mtu mwenye upara ambaye hakuwa mfalme ameweza kuwa tsar wa Waslavi wote, na mtu aitwaye Mwanamume ameweza kuwa kral, basi mimi, ambaye nimekuwa tsar kweli, mkokotenini, mbele ya mashahidi, nina haki zaidi. Naomba kuanzia Jumatatu hii cheo hicho katika kijiji chetu kiitwe "trendafil", kwa herufi ndogo, kwa unyenyekevu. Kaisari maana yake nywele. Karoli maana yake mwanamume. Trendafil maana yake waridi. Nakuachia mwenyewe useme lipi linanukia.

Mwalimu alieleza kwamba cheo lazima kiwe na familia yake, maana tsar ana mkewe tsaritsa, ana mwana na binti na nchi, kila kimoja na umbo lake. Nimeshaandaa. Mfalme: trendafil. Malkia: trendafilitsa, na Kerana bado hajui, nataka kumshtukiza. Mtoto wa kiume: trendafilevich. Ufalme wote kwa jumla: trendafilstvo. Najua watu watalitafuna. Vizazi vichache vikipita wataliacha "tril". Sina kinyongo. Kaisari hakulalamika.

Faida ya jambo hili ni kwamba Vidol anaweza kukaa mkokotenini akitaka. Akae, apande, afe, afufuke. Lakini watu watapiga kelele, "Trendafil anakuja." Kila mwaka, hata nitakapokuwa kule juu nyuma ya kanisa nimelala kabisa. Mvulana aliyevaa ngozi ya mbuzi, ambaye hajazaliwa, atauliza, "Nani ni trendafil mwaka huu?" Hicho tu, Mheshimiwa. Sidai sanamu. Sanamu hunyewa na njiwa.

7. Mabadiliko hayo yakikubaliwa, yatabidi yafuatwe na mengine, na afadhali tuyafanye yote kwa mpigo kuliko kurudiarudia vikao.

Kwanza, sataranji. Pale kwa Gancho mfalme wa sataranji anaitwa tsar. Abadilishwe. Nimeshaandika jina langu chini ya mmoja kwa kalamu ya wino. Pili, karata. Hii ni aibu ya zamani ya taifa letu kwamba karata ya mfalme tunaiita padri, na Padri Onufri kila akiipata hutabasamu hadharani, watu wote wakajua anashika nini. Tatu, mahindi. Jina la mahindi kwa lugha yetu limetoka kwenye tsar, kana kwamba Mrumi yule alishawahi kupalilia. Mimi nimepalilia. Nne, ule mji wa mapazia. Najua Waturuki wana jina lao na hawatatusikiliza, ila bibi vizee wetu waelekezwe.

Kanisani nisingependa tuguse. Mungu tunamwita Tsar wa mbinguni, na aendelee kuitwa hivyo. Mimi ni mchokozi, sijawa mwendawazimu.

8. Ombi hili likikataliwa, nitalazimika kutangaza kwamba mtaa wa chini umejitenga. Mpaka utapita kwenye chemchemi, kisha nyuma ya choo cha shule. Mashine ya kukamua alizeti iko upande wetu. Baa ya Gancho, kwa bahati mbaya, iko upande wenu, kwa hiyo kutakuwa na lango la mpakani litakalofunguliwa kila siku kwa shughuli za kidiplomasia. Vidol akitaka kuja kula banitsa ya jibini aliyoioka mama mkwe wake, atapiga hodi mpakani, ataeleza anakuja kwa nia gani, na ataulizwa masuke yanatakiwa yawe marefu kama nini. Akisema "marefu tu", atarudi alikotoka na njaa yake. Mapacha wataingia bila kuulizwa, kwa sababu ya masikio.

Natumaini hatutafika huko. Wewe ni mtu mwerevu, ulikuwa mwerevu hata siku ile ya suti, ambayo siitaji.

Nisalimie mama yako na mwambie dawa ya kikohozi aliyonipa ilimsaidia mbwa. Nisalimie mumeo. Nisalimie karani wako yule anayepiga chafya, na postamasta, na kuku wenu, na jirani yako asiyenisalimia, msalimie hivyo hivyo ili aone haya. Nisalimie wote waliopiga kura dhidi yangu, ukiwasalimia mmoja mmoja kwa majina, nami nitaomba orodha baadaye.

Wako mtiifu mpaka Jumatatu, baada ya hapo tutaona,

Trendafil Mutafov,
tsar.

Nyongeza, baada ya kutia sahihi.

Mheshimiwa, barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Nikaitoa ili kumsomea Kerana kwanza, kwa kuwa yeye ndiye angekuwa trendafilitsa, na nilitaka kumwona akifurahi. Alikuwa anakunja banitsa. Alisikiliza kwa utulivu mpaka nambari ya sita, akafuta mikono, akakaa chini. Nikadhani ni heshima.

"Baba Neda," akasema, na machozi yanamtoka, "jina lako si lilishakuwa neno siku nyingi?"

Nikamwuliza neno gani.

"Mwanamume akisimama langoni anahutubia wapita njia mpaka supu yake ikaganda mafuta, sisi wanawake tunasemaje?"

Nikamwambia sijui wanasemaje, mimi saa hizo huwa niko langoni.

"Tunasema ametrendafilika," akasema, na akacheka mpaka ikabidi nimshikie banitsa.

Sikuamini. Nilidhani ni uchokozi, kwa kuwa tumekaa pamoja muda mrefu na ameuiga kwangu. Nikavaa kofia nikaenda duka la mkate. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa Mwalimu Evlampia. Muuzaji, yule binti mnene mwenye moyo mzuri, alikuwa anaeleza kwa nini gari la mkate limechelewa, na maelezo alikuwa ameyaanzia kwa babu wa dereva. Mwalimu Evlampia, aliyesoma mpaka Sofia, anayejua Kaisari aliingiaje na Karoli alitokea wapi, akamwambia, "Mwanangu, usinitrendafilie, nipe tu mkate."

Kisha akageuka akaniona. Akawa mwekundu kama pilipili iliyotundikwa ukutani.

"Mwalimu," nikamwambia, "hilo neno asili yake nini?"

"Bado linachunguzwa, Mzee Trendafil," akasema, akatoka bila kuchukua chenji.

Basi mambo yamekwisha. Jina la Kaisari lilipanda likavaa taji, langu limeshuka likaingia kwenye sufuria. Ukikubali ombi langu sasa, utakuwa umetangaza rasmi kwamba mfalme ni mtu aliyesimama langoni anaongea wakati supu inapoa. Ingawa nikiwakumbuka wale wafalme wa kwenye mhadhara, sidhani tungekuwa tumekosea sana.

Lakini hilo silo lililonifanya nifungue bahasha mara ya pili. Niliporudi nyumbani nilimkuta Vidol langoni. Alikuwa amebeba pacha mmoja ndani ya koti, na kwapani ameshika chekecheke langu, ambalo hutunzwa baa na ambalo Gancho alikuwa ameshamkabidhi. Hakuwa amenyoa. "Baba," akasema, "sijalala. Masuke ninayo, maboga ninayo. Baada ya maboga kinakuja nini?"

"Ng'ombe," nikasema.

"Na baada ya ng'ombe?"

"Wajane. Halafu Gancho. Halafu unawatania wale waliokosana, mpaka wachekeane."

Akatoa kalamu aandike kiganjani. Nikamwambia tsar hasomi kiganja. Akatazama chini, akatazama mtoto, akanyoosha chekecheke kwangu. "Rudi wewe," akasema. "Mimi nitawaambia nimeteguka mguu. Nirudi zangu kwenye ngamia, kule hakuna anayenisikiliza."

Ufalme ulikuwa pale, Mheshimiwa, langoni pangu, kwa bei ya kunyoosha mkono. Na nilitaka. Nisiandike uongo kwenye barua ya serikali, nilitaka sana, mpaka vidole vikawasha. Ndipo nikafikiri: nikikubali, huyu anarudi kuwa miguu ya nyuma, haoni kitu ila suruali ya Gancho, na chekecheke litakanyagwa tena. Alizeti za kijiji kizima zitalala kwa ajili ya kofia ya karatasi anayovaa tsar. Na yule mdogo ndani ya koti akatoa sikio moja nje, sikio langu kabisa, kana kwamba anangoja kusikia nitasema nini.

Kwa hiyo naomba ufute nambari zote, kuanzia ya kwanza hadi ya nane. Mtaa wa chini haujitengi. Sataranji ibaki ilivyo, nimeshafuta ule wino kwa pombe yetu kali ya rakia. Mwache Vidol awe tsar, na aitwe tsar, kwa jina la yule mwenye upara. Lilishazoea kazi hiyo.

Ombi langu jipya ni moja na ni dogo. Nafasi ya miguu ya nyuma ya ngamia imebaki wazi, nami naiomba. Nyonga yangu tayari imekaa katika umbo linalotakiwa. Zulia ni la babu yangu. Na ngamia hutembea ubavuni mwa mkokoteni, kwa hiyo Vidol akikwama baada ya maboga, nitamnong'oneza kutoka ndani. Ukisikia ngamia anataja wajane, usishtuke. Ukisikia tsar amenyamaza na ngamia bado anaendelea, mwambie Gancho aanze kutembea.

Na kama hata hivyo sinyamazi, kunyweni supu, msinisubiri.